Mpogoaji wa miti huanzia chini

Ikifika Oktoba, wenye nyumba wa Majengo mjini Songea huanza kutazama juu. Mvua za Ruvuma zinakaribia, na zile za mwanzo huja na upepo. Mwembe uliopandwa na babu nyuma ya nyumba sasa umelalia bati la jirani. Mkaratusi wa pembeni mwa barabara umeipita nguzo ya umeme kwa urefu. Mparachichi una tawi linalosugua waya kila upepo ukivuma. Basi anatafutwa mtu. Anakuja kijana na panga lake, kamba ya katani na rafiki wa kumsaidia. Bei inapatanwa palepale chini ya mti, anavua ndala, anapanda.

Wengi wao hushuka salama, na kwa sababu hiyo kazi hii imeonekana kuwa ya mtu yeyote asiyeogopa urefu. Siamini hivyo. Kukata mti uliozungukwa na nyumba, waya na watoto ni miongoni mwa kazi za hatari zaidi ambazo kijana wa mjini anaweza kulipwa kuzifanya, na ni ufundi kamili: una sayansi yake, vifaa vyake, ngazi zake za mafunzo na miaka yake ya kukaa chini ya fundi. Ufundi huo unasomeka. Sehemu kubwa ya kinachohitajika kuusomea iko Ruvuma na mikoa jirani, ila imetawanyika. Kijana wa Majengo anayetaka kuishi kwa kazi hii inabidi aikusanye mwenyewe, na inabidi ajue aanze na kipi, maana mpangilio wa kujifunza ndio unaomlinda.

Kazi yenyewe ipo na inaongezeka. Mpaka 2018 Songea ilitegemea umeme wa hapohapo, ukiwemo wa jenereta za dizeli. Mwaka huo ndipo njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilipofika na kuuunganisha mji na gridi ya Taifa. Tangu hapo nguzo zimeendelea kusambaa mitaani na vijijini, na kila nguzo mpya hupita karibu na mti wa mtu. Wakati huohuo mji unajaa. Kiwanja kilichokuwa na nyumba moja na miembe mitatu leo kina nyumba za kupangisha, fremu za maduka na ukuta. Mti uleule ambao zamani ungeangushwa upande wowote, sasa hauna pa kuangukia. Lazima ushushwe kipande kwa kipande kuanzia kileleni, tawi likiwa limefungwa kamba kabla halijakatwa. Huo si ukataji wa miti wa porini. Ni kazi nyingine kabisa.

Vipande vya ufundi viko Ruvuma

Nenda Mbinga. Mkulima wa kahawa wa huko amekua akimtazama baba yake akipogolea mibuni, na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, ina kituo chake Ugano, wilayani humohumo. Mkulima huyo anajua tawi lipi linanyonya bure na lipi litazaa, na anajua kwamba mkasi butu unaumiza mti. Nenda Tunduru. Wakulima wa korosho hupunguza matawi ya mikorosho ili mwanga na hewa vipite ndani, ubwiriunga usipate makazi. Wafugaji nyuki wa Tunduru na Namtumbo hupanda miombo mirefu kutundika mizinga, na macho yao yamezoea kutofautisha tawi linalobeba mtu na tawi lililokufa likabaki limesimama. Madaba, kwenye Shamba la Miti Wino la Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, wapo wanaojua kupogolea misonobari michanga ili mbao zake zisije kujaa vifundo. Ukivuka mpaka wa mkoa hadi Sao Hill wilayani Mufindi, unakuta watu ambao maisha yao yote wameangusha miti kwa msumeno wa mnyororo, ule ambao mafundi wanauita chenso.

Kila mmoja wa watu hawa ana kipande kimoja. Mpogoaji wa mjini anavihitaji vyote, na hapo ndipo wengi wanapokosea kujipima. Mtu hodari wa kupanda anadhani tayari ni fundi. Wakwezi wa minazi wa pwani na wachuma karafuu wa Pemba hupanda kwa ustadi unaostahili heshima, na bado wanaanguka. Zanzibar, Shirika la Taifa la Biashara, ZSTC, limekuwa likitoa fidia kwa wachumaji wanaoanguka mikarafuuni wakati wa msimu. Nao hawajashika injini mkononi. Uzoefu wa kupanda ni mali, lakini si uzoefu wa kukata ukiwa juu. Kadhalika mwangusha misonobari wa Mufindi, aliyezoea eneo wazi, akiletwa Majengo akaonyeshwa mwembe uliosimama katikati ya jiko na tangi la maji, anaanza darasa upya.

Mwaka wa kwanza ni wa saidia fundi

Nchi zilizoipa kazi hii mfumo zimefikia mpangilio unaofanana, na haukufikiwa mezani. Umetokana na miaka ya watu kuumia. Uingereza ina vyeti tofauti kwa kila hatua. Kwanza unapimwa kuitunza chenso na kukata magogo yaliyolala chini. Halafu unapimwa kuangusha mti mdogo. Kupanda kwa kamba na kumwokoa mwenzako aliyekwama juu ni cheti kingine. Kutumia chenso ukiwa juu ya mti huja baada ya hayo yote. Kanuni za huko za 1998 kuhusu zana za kazi zinamtaka mwajiri ahakikishe kila anayeshika zana amefundishwa kuitumia. Marekani, Jumuiya ya Kimataifa ya Wataalamu wa Miti, ISA, iliyoanzishwa 1924, haimkubali mtu kuufanya mtihani wa cheti chake kikuu mpaka awe na miaka 3 ya kazi hiyo kwa muda wote, au mchanganyiko wa masomo na kazi unaokaribia hapo.

Kwa hiyo, ukitaka kuanza, tafuta fundi mwenye sifa ya kumaliza kazi bila kuumiza mtu, uwe saidia fundi wake. Utaburuta matawi. Utapanga magogo. Itaonekana ni kazi ya nguvu tu, lakini mtu wa chini ndiye mwenye kulinda eneo lote, na ndiye anayeishika kamba iliyobeba mzigo.

Chukua hesabu hii. Mti mbichi ni mzito karibu sawa na maji. Gogo la mkaratusi lenye kipenyo cha sentimita 40 na urefu wa mita 2 lina uzito wa karibu robo tani. Ukiliachia lianguke mita moja tu kabla kamba haijakaza, nguvu inayoipiga ile kamba inazidi uzito huo mara kadhaa. Kamba ya katani iliyolala stoo ikanyeshewa na kutafunwa na panya haiwezi kazi hiyo. Saidia fundi hujifunza kuizungusha kamba kwenye shina la mti mara mbili au tatu, msuguano ubebe mzigo badala ya mikono yake, na kuiachia taratibu ili gogo lisisimame kwa kishindo. Hujifunza kutoiviringisha mkononi kamwe. Hujifunza kwamba tawi linaloanguka kutoka mita 12 linafika ardhini kwa mwendo wa karibu kilomita 55 kwa saa, ndani ya sekunde moja na nusu hivi, na kwamba mtoto aliyekimbilia embe hawezi kuitwa akasikia kwa muda huo.

Kanuni ya kawaida kwa mti unaoangushwa mzima ni kumweka kila asiyehusika umbali wa angalau mara mbili ya urefu wa mti. Majengo hakuna nafasi hiyo, na ndiyo sababu tunaushusha vipandevipande. Lakini hata hivyo eneo linafungwa. Jirani anaombwa ahamishe sufuria na watoto, bodaboda wanaambiwa waegeshe kwingine, mwenyekiti wa mtaa anajulishwa mapema. Kijana anayejua kumwendea mzee wa nyumba ya pili, akamwamkia, akamweleza nini kitatokea na saa ngapi, amekwisha kujifunza sehemu ya kazi ambayo hakuna mashine inayoifanya.

Katika mwaka huohuo asome huduma ya kwanza. Jeraha la chenso halikati kama kisu. Linang'oa nyama na kuacha kidonda kipana kinachomwaga damu nyingi. Kinachookoa maisha ni mtu aliyepo pale kujua kukandamiza kidonda kwa nguvu bila kuachia mpaka mgonjwa afike Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, na iandikwe kwenye simu ya kila mmoja kabla kazi haijaanza.

Chenso

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo vijana wengi wanapoanzia, na sipo pa kuanzia. Chenso ikiwa imekanyagwa mafuta, mnyororo wake hukimbia karibu mita 20 kwa sekunde. Ncha ya juu ya upanga wake ikigusa kitu, tawi jirani au gogo la pembeni, mashine nzima inarushwa juu na nyuma kumwelekea aliyeishika, kwa kasi inayomshinda mtu kuitambua, sembuse kuizuia. Breki ya mnyororo, ile kinga iliyo mbele ya mkono wa kushoto, iliwekwa kwa ajili hiyo. Chenso nyingi zinazouzwa mtumba zina breki iliyokufa, na mtu huinunua kwa kusikiliza mlio wa injini tu.

Mwanafunzi aanze na chenso ikiwa imezimwa, juu ya meza. Ajifunze kuifungua, kusafisha chujio la hewa, kukaza mnyororo usilegee wala usibane, kuunoa kwa tupa ya duara, jino moja baada ya jingine, kwa pembe ileile. Mnyororo butu hukulazimisha usukume, na anayesukuma chenso amepoteza mizani yake. Unga wa mbao ukitoka laini kama wa kinu, mnyororo umechoka. Mkali hutoa vipande. Ajue kuchanganya mafuta: kwa chenso nyingi ni mililita 20 za oili yake maalumu kwa kila lita 1 ya petroli, na hayajazwi wakati injini ina moto.

Halafu magogo yaliyolala. Hapa ndipo mtu anapojifunza kuwa mti una upande uliobanwa na upande uliovutwa. Gogo lililoegemezwa ncha zote mbili hubanwa juu na kuvutika chini. Ukilikata kutoka juu moja kwa moja linaumeza upanga wa chenso. Lililoning'inia upande mmoja hufanya kinyume. Ufundi wote wa kukata matawi yenye mzigo umejengwa juu ya somo hili, na bahati nzuri linafundishika kwa gogo la kuni lisilo na hatari.

Kisha ndipo mti uliosimama, mdogo, mahali pa wazi. Kata ya kwanza ni ya mdomo, upande unaotaka mti uangukie, ukiingia robo ya kipenyo au pungufu kidogo. Kata ya nyuma inafuata, lakini haikutani na ya kwanza. Katikati unabaki ukanda wa mti, karibu sehemu ya kumi ya kipenyo, nao ndio bawaba inayouongoza mti ukielekea chini. Anayekata bawaba yote ameutupa usukani. Mti utaenda unakotaka. Na kabla chenso haijawashwa, njia ya kukimbilia iwe imefyekwa, kwa mshazari kuelekea nyuma, kwa sababu shina linaweza kuruka likirudi nyuma ya kisiki. Mkaratusi ulioinama una hatari yake ya ziada: ukikatwa kizembe shina hupasuka wima, na kipande cha nyuma hufyatuka juu kikipita pale ulipo uso wa mkataji.

Mavazi si mapambo. Suruali ya kazi hii ina tabaka za nyuzi ndefu ndani; mnyororo ukiigusa, nyuzi huchomoka na kuusokota mpaka usimame. Kofia ngumu yenye wavu wa uso na vizuia kelele, glavu, buti zenye chuma kidoleni. Hivi ni ghali, na kwa kijana anayeanza huenda vikazidi bei ya chenso ya mtumba. Ushauri wangu ni avinunue kabla ya chenso. Chenso ya fundi unaweza kuiazima. Mguu huuazimi.

Juu ya mti

Anayepanda hushikiliwa na kamba wakati wote, tangu miguu inapoacha ardhi. Kamba za kazi hii huwa na unene wa milimita 11 hadi 13 hivi, zimetengenezwa kubeba mtu, na hazitumiwi kuvuta magogo hata siku moja. Mpandaji huvaa mkanda unaoshika kiuno na mapaja. Fundo linalompandisha na kumshikilia ni la jamii ya lile alilolibuni mpanda milima wa Austria, Karl Prusik, mwaka 1931: unalisogeza kwa mkono likiwa halina uzito, ukilikalia linajibana lenyewe. Kijana alifunge mara nyingi akiwa amesimama chini, halafu akining'inia kimo cha goti, halafu mita mbili, mpaka vidole vilijue gizani.

Akitaka kukata, anajifunga mara ya pili. Kamba ya juu inambeba, na mkanda wa pili, mara nyingi wenye waya wa chuma ndani, unazunguka shina ili msumeno ukipotea njia ukakata kimoja, kingine kibaki. Aliyejifunga kamba moja tu anaweza kuikata mwenyewe. Jambo jingine ambalo wapandaji wetu hawapendi kulisikia ni kuhusu njumu za chuma za kupandia. Zinafaa kwa mti unaoondolewa kabisa. Kwa mti unaobaki kila hatua ni jeraha, na ugonjwa huingilia humo.

Na hakuna kupanda peke yako. Chini awepo mtu wa pili mwenye mkanda wake, kamba yake, na uwezo wa kupanda kukufuata. Mtu aliyezimia huku ananing'inia kwenye mkanda yumo hatarini ndani ya dakika chache kwa sababu damu inakwama miguuni. Zoezi la kumshusha mwenzako lifanywe mara kwa mara kabla halijahitajika. Timu isiyoweza kuokoa mtu wake haijawa tayari kupanda, hata mteja akiongeza dau.

Mswahili amesema aliye juu mngoje chini; hapa tunamngojea kwa kamba mkononi.

Nyuki nao wanataka somo lao. Matundu ya miembe mizee yanawafaa sana, na nyuki wetu wa Afrika hawasubiri kuchokozwa mara mbili. Mlio wa chenso na mtikisiko wa shina unatosha. Mtu aliye mita 10 juu akiwa amefungwa hawezi kukimbia. Fundi anauzunguka mti asubuhi, anatazama kila tundu kwa dakika kadhaa kuona kama kuna wanaoingia na kutoka. Wakiwepo, kazi inasimama na anaitwa mfugaji nyuki awahamishe jioni. Ruvuma haina uhaba wa watu hao.

Umeme hauna majaribio. Mti mbichi unapitisha umeme, na laini ya kilovolti 33 haihitaji kuguswa ili imuue mtu. Tawi lililosogezwa karibu mno linatosha. Anayeweza kuizima laini ni shirika la umeme, TANESCO, peke yake. Mti ulio karibu na waya unaripotiwa kwao, wanakuja kuukata wenyewe au wanazima kwa makubaliano, na mpogoaji anathibitisha kwa macho yake kuwa laini imezimwa na kuwekewa ulinzi. Neno la mteja kwamba "umeme umekatika leo" halitoshi, kwa sababu unaweza kurudi wakati kijana yuko juu.

Kuujua mti wenyewe

Mafunzo ya usalama yanamrudisha mpogoaji nyumbani. Ili alistahili jina lake, ajue anachokikata.

Mwaka 1901 mtunza bustani mzaliwa wa Somerset, Uingereza, aliyehamia Ohio, Marekani, John Davey, alichapisha kitabu alichokiita The Tree Doctor, na kazi ya kutibu miti mijini ikapata msingi wake wa kisasa. Davey na wanafunzi wake walikwangua sehemu iliyooza ndani ya shina na kuijaza saruji. Walifanya hivyo kwa nia njema kwa miongo. Kisha akaja mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani, Alex Shigo, aliyeishi 1930 hadi 2006, akapasua maelfu ya miti kwa urefu ili aone nini kinatokea ndani baada ya jeraha. Aligundua kwamba mti haufufui sehemu iliyoumia. Unaitenga, kama mwenye nyumba anayefunga daima chumba kinachovuja na kujenga kingine. Kukwangua tundu mpaka kwenye mti mzima ni kuuvunja ule ukuta uliojengwa, na rangi au lami juu ya kidonda hazizuii kuoza.

Somo lake kubwa kwa mkono wa mpogoaji liko pale tawi linapoungana na shina. Kuna uvimbe mdogo wa gome unaozunguka shingo ya tawi. Kata nje kidogo ya uvimbe huo. Ukikata ndani yake, ukasawazisha na shina kama wengi wanavyopenda kwa unadhifu, umeondoa sehemu ambayo mti huitumia kujifunga. Ukiacha kisiki kirefu, kinaoza na kuupeleka uozo ndani. Tawi zito hukatwa mara tatu: ya kwanza kwa chini, mbali na shina, ya pili kwa juu, mbele kidogo ya ile ya kwanza, tawi lidondoke bila kuchuna gome, ya tatu ni kuondoa kibaki kwenye shingo.

Ukipita mitaa ya Songea utaiona miti iliyokatwa kichwa chote, ikabaki mashina na ngumi. Mwenye nyumba huamini amejiepusha na hatari. Baada ya misimu michache machipukizi mengi yanakuwa marefu, yote yameshikwa juujuu na gome la pembeni, juu ya shina lililoanza kuoza. Mti huo sasa ni wa hatari kuliko ulivyokuwa. Mpogoaji aliyesoma angepunguza matawi machache kutoka kwenye shingo zake, asizidi robo ya majani kwa msimu, na angeuliza kwa nini imesubiriwa Oktoba. Mwembe wakati huo una maua au vitoto vya maembe. Wakati wake ni baada ya mavuno.

Tena mara nyingi mti wa kuogopwa hujulikana kwa mizizi yake. Uyoga mgumu kama kibao unaoota chini ya shina ni dalili ya kuoza ndani. Udongo uliopasuka na kuinuka upande mmoja ni dalili ya mti unaong'oka. Mtaro au bomba likichimbwa karibu na shina, nusu ya mizizi inaweza kuwa imekatwa mwaka jana bila mtu kukumbuka. Fundi hugonga shina kwa nyundo ya mti akasikiliza, halafu huuliza historia ya kiwanja.

Wapi pa kusoma

Chuo cha Misitu Olmotonyi, Arusha, kilichoanza 1937, hutoa astashahada na stashahada ya misitu. Humo unapata elimu ya mti, magonjwa na sheria. Chuo cha Viwanda vya Misitu, Moshi, kimejikita kwenye misumeno na mbao. Kwa mtu wa Songea kilicho karibu zaidi ni kituo cha mafunzo ya misitu na mbao cha Mafinga, kilichoinuliwa kwa ushirikiano na Finland kupitia programu ya Panda Miti Kibiashara, iliyofanya kazi Ruvuma pia. Basi la Iringa linapita mlangoni mwa mji huo. Mambo ya nyuki, kuna chuo cha Tabora. Mambo ya injini, kamba na vyuma, kuna chuo cha ufundi stadi cha VETA hapahapa Songea, na mafundi wa misheni ya Peramiho wamekuwa wakifundisha ufundi wa mikono kwa vizazi.

Naomba hapa niseme jambo kwa VETA Songea na kwa TFS. Wiki chache za kozi ya pamoja, mwalimu wa chenso kutoka Wino, mfugaji nyuki kutoka Namtumbo, mtaalamu wa laini kutoka TANESCO, muuguzi wa hospitali ya mkoa, zingetosha kuwapa vijana wa Majengo, Lizaboni na Bombambili msingi ambao sasa wanaupata kwa kuumia. Hakuna jengo jipya linalohitajika. Mwembe wa kufanyia mazoezi upo kila uwanja wa shule.

Baada ya masomo inakuja sheria. Anayeajiri vijana, hata wawili, anaingia kwenye Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inayosimamiwa na OSHA, na anatakiwa awachangie kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mti wa kwenye hifadhi ya barabara hauguswi bila idhini ya wakala wa barabara, TARURA au TANROADS. Mninga, mpingo na miti mingine ya asili iliyohifadhiwa inahitaji kibali hata ikiwa uwanjani kwako, na magogo yakisafirishwa yanataka karatasi zake. Ofisi ya misitu ya wilaya ndiyo pa kuanzia.

Wateja huanza na swali moja: "Fundi, huu mti shilingi ngapi?" Anayejua kazi hajibu kabla hajauzunguka, hajatazama waya, matundu, mizizi na paa la jirani. Kisha anaandika kwenye daftari lake: kitakachokatwa, kitakachobaki, nani atabeba magogo, nani atalipia bati likipasuka. Mwenye nyumba anatia saini.

Daftari hilo lisitupwe. VETA ina mpango wa urasimishaji ujuzi, ambao humpima mtu aliyejifunzia kazini na kumpa cheti, ukitumika kwa waashi, maseremala, mafundi magari na wengineo. Siku upogoaji utakapoingizwa humo, mwenye ushahidi ataanza mbele. ISA nayo inadai uthibitisho wa miaka ile 3. Kwa kila kazi andika tarehe, mtaa, aina ya mti, urefu wa kukadiria, ulikuwa chini au juu, fundi wako alikuwa nani, nini kilienda vibaya. Piga picha kabla na baada. Mteja aweke namba yake ya simu. Anza na mti wa kwanza utakaouburutia matawi, maana na huo unahesabika.